Posti fupi inasafiri bila wewe: jibu langu kwa mwanablogu wa Lindi

Mkuu mleta uzi, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema uko Lindi mjini, una blogu ya mambo ya mji wako huu mwaka wa pili, wasomaji wamepungua, na kila unayemuuliza anakwambia watu siku hizi hawasomi marefu, hamia kwenye posti fupi. Unataka kujua uende mtandao gani, utumie zana zipi na simu gani, muda tunaupata wapi, na kama blogu uifunge. Waliotangulia hapo juu wamekutajia majina ya programu tu. Mimi niko Mtwara, nina kaduka ka steshenari maeneo ya sokoni. Blogu nilifungua mwaka 2011, posti fupi nikaanza mwaka uliofuata kwa simu ya Nokia yenye Opera Mini, na mpaka leo sijaacha hata kimoja. Ngoja nikujibu kwa niliyoyapitia.

Blogu usiifunge. Sababu nitaifikia.

Lakini kabla ya kuchagua programu, kuna jambo moja ambalo natamani ningeambiwa mapema. Blogu, msomaji anaifuata: anaona jina lako, anaona tarehe, anaona makala ya juzi chini yake. Posti fupi ndiyo inayomfuata msomaji. Inapigwa picha, inakatwa juu na chini, inatupwa kwenye grupu la ukoo, la wakulima, la kwaya, na kule inasomwa na mtu asiyekujua wala kujua uliandika lini. Ni kama mzigo unaomkabidhi kondakta pale stendi. Usipoandika juu yake jina, namba na unakoshuka, utashushwa popote na atakayeuokota ataufanya wake. Kwa hiyo kila posti, hata iwe fupi kiasi gani, iandike ukijua kwamba itafika mahali ambapo wewe hutakuwepo kuieleza.

Hili nilijifunza kwa uchungu Oktoba 2017. Wakati ule Twitter ilikuwa bado na herufi 140. Kikomo hicho kilitokana na SMS: ujumbe mmoja wa simu unabeba herufi 160, wakatenga 20 za jina la mtumiaji, zikabaki 140. Sisi Waswahili tulikuwa tunabanwa kweli. Neno letu moja linabeba sentensi nzima, lakini lenyewe linakuwa refu. "Hawajatulipa" ni herufi 12, na ukiandika "Chama Kikuu cha Ushirika" umeshatumia 24 pamoja na nafasi zake kabla hujasema lolote.

Nilikuwa kwenye mnada wa korosho upande wa Tandahimba. Minada ya miaka ile ilikuwa ya sanduku: barua za wanunuzi zinafunguliwa mbele ya wakulima, zinasomwa moja moja, fulani anataka tani kadhaa kwa bei kadhaa, na wakulima wenyewe ndio wanaokubali au kukataa. Nimekaa chini ya mkorosho, daftari mapajani, naandika kwa penseli kila barua inayosomwa. Wakulima wakakubali, makofi yakapigwa. Mtandao pale ulikuwa unashika ukisimama karibu na mizani tu, nikaenda kusimama hapo. Nikaandika bei ya juu, bei ya chini, jina la chama kikuu, tarehe, na alama ya reli (hashtag) ya korosho. Herufi zikazidi. Nikafuta jina la chama. Bado zinazidi. Nikafuta tarehe, nikijiambia kwamba mtandao wenyewe unaonyesha tarehe. Ikaingia, nikaituma, nikarudi zangu mjini nimeridhika.

Siku ya nane nikapigiwa simu na katibu wa AMCOS moja, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, iliyo chini ya chama kikuu kingine kabisa. "Dada, hii posti yako imetuletea balaa huku." Kwao mnada ulikuwa umefanyika siku hiyo na bei ilikuwa ya chini kuliko ile niliyoandika mimi. Wakulima walikuwa wamezunguka ofisi, wameshika simu yenye picha ya posti yangu. Aliyeikata picha alikuwa ameacha jina langu na bei, tarehe akaikata. Wakulima wanasema bei ya leo hii hapa imeandikwa, basi makarani mmekula tofauti.

Kesho yake nilipanda gari nikaenda, na daftari langu. Mzee mmoja aliyekuwa mbele ya wenzake nikamwamkia, akaitikia, akaniambia, "Mwanangu, hebu nioneshe, hii bei ni ya siku gani?" Nikafungua ukurasa. Akausoma kwa kidole, mstari kwa mstari: siku, tarehe, kijiji, chama, barua ya kwanza, barua ya pili. Alipomaliza akanirudishia daftari akasema, "Humu umeandika kila kitu. Sasa mbona kwenye simu hukuandika?"

Sikuwa na jibu. Nilichoweza kumpa siku ile ni kusimama mbele ya watu na kusema kwamba bei ni ya mnada mwingine, wa chama kingine, wa wiki iliyopita, na kwamba kosa ni langu. Katibu yule alikuwa amelala macho usiku mzima kwa sababu ya maneno machache niliyoyafuta ili herufi zitoshe.

Tangu hapo posti yangu ya mnada inaanza na mahali, siku na tarehe, saa, jina la chama. Ndipo inakuja bei ya juu na ya chini kwa kilo, na daraja la korosho. Kisha maneno mawili ambayo nayaona ya lazima: "kabla ya makato". Bei ya mnada haiingii yote mfukoni mwa mkulima. Kuna ushuru, kuna usafirishaji, kuna fungu la ushirika. Ukiandika bei tupu, unamwahidi mtu hela ambayo hataiona. Mwisho naandika nimejuaje: nimesikia mwenyewe, au nimeambiwa na nani mwenye wadhifa gani. Mwezi uliofuata, Novemba 2017, Twitter wakaongeza herufi kuwa 280, na hizo zilizoongezeka nilizipa kazi hiyo. Sikuhizi minada imeingia kwenye mfumo wa kielektroniki wa TMX (Soko la Bidhaa Tanzania), tangu msimu wa 2024, bei zinaonekana kwenye skrini, lakini mtindo wangu wa kuandika sijaubadilisha. Skrini nayo inapigwa picha na kukatwa tarehe.

Tarehe na mahali si kwa bei peke yake. Nilishawahi kuandika kuhusu mjusi wa Tendaguru, huko kwenu Lindi, yule mnyama wa kale (dinosaria) ambaye mifupa yake ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913 na sasa amesimama Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Niliandika kwa shauku: zaidi ya tani 200 za mifupa zilizobebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandarini, na fundi wetu Boheti bin Amrani aliyesimamia kazi ya kuitoa ardhini. Nikasahau kutaja Lindi. Kwa kuwa wasifu wangu unasema Mtwara, walionakili wakaandika mjusi wa Mtwara. Wewe mtu wa Lindi unajua hilo linaumaje. Nilisahihisha, lakini nakala iliyokosewa ilishaondoka, na mpaka leo naikuta mahali. Kilichonifurahisha ni kwamba watu wengi walijibu kuhusu jina la Boheti kuliko kuhusu mifupa. Hawakuwa wanajua kwamba kuna Mwafrika aliyetajwa kwa jina katika kazi ile. Posti moja fupi ikazaa maswali, maswali yakazaa makala ndefu kwenye blogu, na makala hiyo ndiyo inayosomwa zaidi kwangu mpaka sasa.

Sasa kuhusu zana.

Zana yangu ya kwanza ni daftari la mkono, mistari minne kwa kila posti. Sisemi hivi kwa kupenda mambo ya kale. Simu inazima, jua la Oktoba linafanya skrini isisomeke, mtandao unakatika, na ukianza kuandika moja kwa moja kwenye programu utajikuta unawahi kutuma kabla ya kujua. Daftari linakuchelewesha dakika mbili, na katika dakika hizo mbili nimeokoa posti nyingi zisitoke.

Ya pili ni kibodi. Weka kibodi ya simu kwa Kiswahili, Gboard inayo. Ikibaki ya Kiingereza inakurekebishia maneno kimyakimya. Mara ngapi "Lindi" yangu imegeuka "Linda"! Na mbaya ni kwamba "linda" kwetu ni neno kamili, msomaji haoni kosa, anaona sentensi isiyoeleweka.

Ya tatu ni programu za kupanga posti zitoke zenyewe kwa saa unayotaka. Zinafaa sana kwa mtu mwenye duka kama mimi. Ila saa zake si zetu. Mwaka mmoja AMCOS ya kijiji fulani iliniomba nikumbushe wanachama mkutano wa saa 3 asubuhi. Nikapanga ukumbusho utoke saa 2, nikaandika 2:00. Ukatoka saa 8 usiku watu wamelala, na kulipokucha ulikuwa umefunikwa na posti nyingine hamsini. Mkutano ukakosa akidi. Kwa hiyo ongeza au punguza sita kila mara, halafu hakiki tena. Na ndani ya posti usiandike "saa 8" ukaiacha hivyo. Andika saa 8 mchana. Tuna ndugu zetu walio nje ya nchi, na wapo vijana wa mjini siku hizi, wanaosoma 8 kama asubuhi.

Halafu usiitegemee zana moja kama nguzo ya nyumba. Nilikuwa nimeunganisha blogu na Twitter, nikichapisha makala linki inajituma yenyewe. Mwaka 2023 njia ya bure iliyokuwa inatumiwa na programu za pembeni ilifungwa, na nyingi zikafa au zikawa za kulipia. Programu ya TweetDeck niliyoizoea kwa kuangalia safu tatu za posti kwa wakati mmoja nayo ikawa ya wanaolipia mwaka huohuo. Miaka kumi kabla yake, Julai 2013, Google Reader, huduma ya kusomea blogu, ilifungwa na wasomaji wangu waliokuwa wananifuata kwa njia hiyo sikuwapata tena. Sasa hivi nafanya kwa mkono: nanakili, nabandika, natuma. Inachukua dakika tatu zaidi na haijawahi kunitupa.

SMS. Hii watu wa programu hawaitaji, lakini kwa mikoa yetu ndiyo naipa heshima kubwa. Nina orodha ya wakulima na wavuvi wenye vitochi, zile simu ndogo za batani, wao wenyewe waliniomba, nawatumia yaleyale ninayoposti. Kuna siri mbili hapa. Ujumbe wa kawaida ni herufi 160, lakini ukitia kikatuni kimoja tu cha uso unaocheka, kikomo kinashuka kuwa 70 na unakatwa SMS mbili au tatu. Ya pili inatuhusu Waswahili hasa: ile alama ya "ng'" kwenye ng'ombe au ming'oko (mizizi ya porini tunayokula huku kusini). Ukiiandika kwa kitone kilichonyooka hakuna shida. Ukinakili kutoka kompyuta ambako kitone kimejipinda chenyewe, mfumo wa SMS haukitambui, na ujumbe wote unageuka kuwa wa herufi 70. Nilishangaa wiki nzima kwa nini bando langu la meseji linaisha haraka kila nikiandika habari za ming'oko.

Na picha. Usiweke bei au tangazo kama picha tupu. Nina msomaji wa Newala asiyeona, anatumia simu inayomsomea kwa sauti. Alinieleza kwa subira kwamba nikiweka picha ya karatasi, simu yake inasema "picha" na kunyamaza. Akaniambia pia kwamba alama ya reli ikiandikwa yote kwa herufi ndogo simu inaisoma kama mfululizo wa kelele, lakini nikianza kila neno kwa herufi kubwa, #KoroshoMtwara, inayatenganisha maneno. Kwa hiyo sasa najaza sehemu ya maelezo ya picha kila mara: nani yuko wapi, karatasi imesema nini. Ni sentensi mbili tu. Na hata wenye macho zinawasaidia, maana mwenye bando dogo picha haifunguki, maelezo yanafunguka.

Nirudi kwenye jambo langu, maana lilipata mtihani mkubwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuja. Mnakumbuka. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa inatoa taarifa mfululizo, na sisi watu wa pwani tulikuwa bado na kumbukumbu ya Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, kilichotuelekea kabla ya kupiga kaskazini ya Msumbiji. Tarehe 3 na 4 simu yangu haikutulia. Picha ya mji uliozama ikaanza kuzunguka ikisemwa ni Lindi. Niliitafutia asili yake mtandaoni, ikatoka kuwa ya Beira, Msumbiji, ya Kimbunga Idai, Machi 2019. Wangapi walikuwa wameshapiga simu nyumbani wakilia?

Siku zile niliweka sharti: siandiki neno la hali ya hewa ambalo siwezi kusema limetoka taarifa ipi na ya saa ngapi. Naandika "Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, iliyotolewa saa fulani, inasema hivi", basi. Taarifa mpya ikitoka, siifuti ya zamani kimya. Naandika mpya na kuitaja ile iliyopitwa. Wapo walionilaumu kwamba nachelewa, kwamba wenzangu wameshaandika. Sawa, wacha waandike.

Mvua zikakata barabara ya Dar es Salaam upande wa Kilwa, kule Somanga, na hapo ndipo posti fupi ilipoonyesha thamani yake kuliko wakati wowote nilioishuhudia. Abiria wamekwama pande zote mbili, huku mtu ana mgonjwa, kule mtu ana samaki kwenye barafu inayoyeyuka. Swali lilikuwa moja: magari yanapita? Makala ndefu ingefika imeshapitwa. Nilikuwa na wasomaji watatu waliokuwa palepale, mmoja kondakta. Kila mmoja nilimuuliza vilevile: unaona kwa macho yako au umeambiwa? Saa ngapi? Uko upande wa Dar au upande wa Lindi? Nikipata majibu matatu naandika mistari mitatu. Nikipata mawili nasubiri. Mama mmoja aliyekuwa anataka kusafiri na mtoto aliniandikia, "Asante dada, nimeahirisha, nimelala nyumbani." Ule ujumbe nimeuhifadhi.

Hatujapumua, tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Chaneli za WhatsApp hazifunguki, blogu haifunguki. SMS zikaendelea kwenda. Wale wenye vitochi wakawa ndio wenye habari, na vijana wa simu kubwa wakawa wanawauliza.

Mtandao upi, basi? Kwa mwandishi wa mambo ya Lindi ningeanza na chaneli ya WhatsApp. Huduma hiyo ilisambaa duniani Septemba 2023, na uzuri wake ni kwamba wanaokufuata hawaonani namba, tofauti na grupu ambako mwanachama mmoja anaweza kuchota namba za wote. Watu wako tayari wako WhatsApp. Hawahitaji kupakua kitu. Ila WhatsApp walieleza wenyewe kwamba kumbukumbu za chaneli wanazitunza kwenye mitambo yao mpaka siku 30. Ukiitegemea kama ghala, mwezi ujao huna kitu. X, ndiyo Twitter ya zamani, ina herufi 280 kwa asiyelipa, na tangu Mei 2025 haifunguki kwa kawaida hapa nchini, kwa hiyo wasomaji niliowakusanya huko kwa miaka kumi na zaidi walipungua ndani ya siku chache tu. Iliniuma sana. Bluesky ni herufi 300 na ilifunguliwa kwa kila mtu Februari 2024. Threads 500. Mastodon nayo kwa kawaida 500, na ipo tangu 2016. Nimejaribu zote. Watu wa kusini niliowakuta huko wanahesabika. Nimebakiza Bluesky kwa ajili ya watafiti na waandishi wanaofuatilia mambo ya kale ya pwani, Kilwa na Mikindani. Wewe usijitawanye. Chagua mmoja ambako wako watu wa mtaani kwako, na mmoja wa walio mbali.

Sasa unaona kwa nini blogu usiifunge. Kila mwisho wa mwezi nakaa na daftari langu, nachukua posti zote za mwezi, nazipanga kwa tarehe, naziweka kwenye blogu kama ukurasa mmoja. Zilizokosewa naziacha na masahihisho yake pembeni. Nakala nyingine inakwenda kwenye memori kadi. Kazi hii inakula saa mbili, na wapo wanaoniuliza faida yake. Mwaka jana mwanafunzi wa chuo alikuja dukani kutoa fotokopi, tukazungumza, kumbe utafiti wake ni wa minada ya korosho na alikuwa anatumia kurasa zangu za 2018 na 2019. Posti zenyewe za wakati huo hata mimi siwezi kuzipata tena kwa kutafuta. Blogu ilizitunza.

Sheria nigusie kidogo, maana sijaona aliyeigusa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusu pia taarifa za uongo, na haiulizi kama posti ni fupi au ndefu. Kuna Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizoanza 2018 na kurekebishwa baadaye. Kama blogu yako ni ya habari, zisome ujue leseni inakuhusu vipi. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ikukumbushe usibandike stakabadhi ya mkulima yenye jina na namba yake ili tu uonyeshe kwamba amelipwa. Hili la stakabadhi naliona kila msimu na linanichoma.

Muda: uliuliza tunaupata wapi. Mimi nasoma na kutuma alfajiri kabla ya kufungua duka, na jioni najibu maswali. Arifa nimezizima zote isipokuwa SMS. Zamani sikuwa hivyo. Siku tulipokuwa tunamzika shangazi yangu, udongo unarudishwa, nikajikuta kichwani napanga maneno ya posti, nahesabu herufi. Niliporudi nyumbani nikazima arifa, sijaziwasha tena.

Na simu, la mwisho uliloniuliza. Yoyote inayotunza chaji na inayosomeka juani inatosha. Hela inayobaki nunua daftari gumu na penseli mbili. Ijumaa hii nina mnada. Nikitoka nitapiga picha ukurasa wa daftari na posti iliyotokana nao, niviweke hapa kwa pamoja, nijaze na maelezo ya picha, uone kilichobaki na kilichokatwa.